Gunia la mahindi au ndoo ya mchele? Ulinganisho wa akiba ya chakula kwa kaya za Moshi na Arusha

Soko la Mbuyuni hapa Moshi lina majira yake. Kuanzia Julai, mahindi ya tambarare yakianza kuvunwa, magunia huongezeka na bei hulegea. Ikifika Januari, ada na sare za shule zikiwa zimeshaondoka na mshahara, bei inakuwa imepanda, na mara nyingi huendelea kupanda hadi katikati ya masika. Ndiyo miezi hiyo hiyo ambayo fundi ujenzi hakai kazini kwa sababu ya mvua, mkaa huletwa umelowa, na barabara za vijijini hukatika. Mwenye chakula ndani hupita hapo bila kuandikwa kwenye daftari la madeni la Mangi mwenye duka. Asiye nacho hununua kilo moja moja, kwa bei kubwa kuliko miezi mingine yote.

Ulinganisho huu ni wa kaya inayotaka kuweka chakula cha mwezi mmoja kwa pesa za kawaida. Wengi wetu tukitaka kuchagua hutazama bei ya kilo, na hapo ndipo tunapopotea. Tunachokula ni sahani iliyoiva, na kati ya kilo na sahani kuna mashine ya kusaga, moto, maji, fukusi, panya na watoto wanaogoma kula. Chakula cha bei nafuu sokoni kinaweza kuwa ghali kikifika mezani, na cha ghali kikageuka nafuu. Kwa hiyo kila mahali hapa chini nauliza jambo moja: hadi kiive kimenigharimu nini, na siku ya shida kitaiva kweli?

## Kwanza, kiasi gani?

Mashirika ya misaada hupiga hesabu kwa kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa chakula chetu hiyo ni karibu gramu 400 za nafaka, gramu 60 hadi 70 za maharage au mikunde mingine, gramu 25 hadi 30 za mafuta na gramu 5 za chumvi, pamoja na sukari au karanga kidogo. Kwa watu watano kwa siku 30 unapata kilo 60 za nafaka, kilo 10 za maharage, lita 5 za mafuta na kilo moja ya chumvi yenye madini joto. Watoto wadogo hawamalizi sehemu yao, hivyo kuna ziada humo kwa ajili ya mgeni au ndugu atakayekuja kujihifadhi.

Kama mwezi unaonekana mlima, anza na wiki: kilo 14 za nafaka, kilo mbili na nusu za maharage, lita moja ya mafuta. Hata hizo zinatosha kuvusha nyumba wakati mshahara umechelewa au mtu amelazwa.

## Mahindi, unga, mchele na ulezi

Tuchukue bei za mfano ili hesabu ionekane. Wewe weka za soko lako wiki hii. Tuseme kilo ya mahindi ni shilingi 900, sembe 1,600 na mchele 2,600. Kilo 60 za mchele zitakula shilingi 156,000. Kilo 60 za sembe ya dukani ni 96,000. Ukinunua mahindi ukakoboa mwenyewe, karibu robo ya uzito huondoka na pumba, kwa hiyo kupata kilo 60 za sembe unahitaji kilo 80 za mahindi: 72,000. Ongeza shilingi 100 kwa kila kilo ya kukoboa na kusaga, jumla 80,000, na pumba ni zako. Mwenye kuku anajua thamani yake. Ukisaga dona, kilo 60 za mahindi zinatoa karibu kilo 60 za unga, na umetumia shilingi 60,000 pamoja na mashine. Kati ya dona na mchele kuna pengo la 96,000, na hizo ni pesa za kulipia mambo mengi Januari.

Kwa shilingi pekee, basi, mahindi mazima yanashinda kwa mbali. Pia yakikauka vizuri na kufungwa vizuri yanakaa kutoka msimu mmoja hadi mwingine, jambo ambalo unga hauwezi.

Ila mahindi mazima si chakula bado. Yanahitaji mashine, na mashine nyingi za mitaani zinategemea umeme. Wanaokumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2023 wanajua jinsi foleni ya kusaga ilivyokuwa usiku umeme ukirudi. Kama mtaa wako una mashine ya dizeli, ijue ilipo kabla ya kuihitaji. Kama kuna kinu nyumbani, usikigeuze kiti cha bustani. Njia nyingine ni kande: mahindi na maharage chungu kimoja, bila mashine kabisa. Kande ni chakula kamili na watu wa huku wanakipenda, na Mwarusha au Mmeru ataongeza maziwa mgando na ndizi apate loshoro. Ila kande linakula moto kwa saa kadhaa, na hapo unafuu wa mahindi unaanza kurudi kwa muuza mkaa.

Sembe na dona hazikai sawa. Dona ina kiini cha punje ndani yake, na kiini kina mafuta. Mafuta hayo yakishasagwa na kukutana na hewa huchacha, unga ukawa mchungu ndani ya wiki chache, hasa wakati wa joto. Kwa afya dona ni bora, na ningependa kila nyumba iile. Ila kwa akiba, saga dona kidogo kidogo kutoka kwenye mahindi yako, na kile unachoweka tayari kwenye ndoo kiwe sembe, ambayo ikiwa kavu hukaa miezi mitatu hadi sita.

Mchele ni ghali kwa kilo, na bado nadhani kila kaya iwe na sehemu yake. Hauhitaji mashine. Unaiva kwa chini ya nusu saa. Mgonjwa anaumeza, mtoto haukatai, na hata ukiwa na chumvi na mafuta tu unalika, wakati ugali bila mboga ni mtihani. Hapa Moshi tuna bahati ya mashamba ya umwagiliaji ya Mabogini, Chekereni na Kahe, na Arusha ina Mto wa Mbu, kwa hiyo baada ya mavuno unaweza kuupata bila kulipia safari ndefu. Nunua uliokauka: bana punje kwa meno, ikivunjika kwa kulia umepata, ikibonyea mwache muuzaji na mchele wake.

Ulezi hutajwa mara chache kwenye mazungumzo ya akiba, nami nashangaa kwa nini. Uko tele kwenye masoko yetu kwa sababu mbege, pombe yetu ya ndizi, haipikwi bila ulezi. Punje yake ni ndogo mno, wadudu wa ghalani hawapati pa kuingia, na ukiwa mkavu hukaa miaka bila dawa yoyote. Una madini ya kalisi kuliko mahindi na mchele kwa mbali. Kwa kawaida bei yake iko juu ya mahindi, hivyo siushauri kama nafaka kuu, lakini kilo tano za ulezi kwa ajili ya uji wa watoto na wazee ni akiba ambayo hutahangaika kuibadilisha kila mara. Usisage wote. Punje ndiyo inayokaa. Unga wake huharibika kama unga mwingine.

| Chakula | Hukaa muda gani kikitunzwa | Moto | Kinadai nini siku ya shida |
|---|---|---|---|
| Mahindi mazima | Msimu hadi msimu | Mwingi sana kama kande | Mashine au kinu |
| Dona | Wiki chache | Kidogo | Mboga |
| Sembe | Miezi 3 hadi 6 | Kidogo | Mboga |
| Mchele | Mwaka na zaidi | Kidogo | Maji safi tu |
| Ulezi (punje) | Miaka kadhaa | Kidogo | Mashine au kinu |

Wazazi wetu walikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyoletwa nchini miaka ya njaa, na hakuna aliyeuchagua. Akiba ya nyumbani inakupa nafasi ya kuchagua mapema. Weka kile ambacho nyumba yako inakula Jumanne ya kawaida. Mtoto aliyezoea wali hataanza kupenda kande siku ambayo ana homa na umeme umekatika.

### Sumukuvu, na jinsi ya kupima unyevu bila mashine

Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka iliyokuwa na sumukuvu. Manyara ni jirani yetu, na mahindi ya Kiteto na Babati huja kwenye masoko ya Arusha kila mwaka. Sumu hii hutengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kupika, na huwezi kuiona kwa macho. Unachoweza kuona ni mazingira yanayoizaa: punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye harufu ya uvundo, mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo badala ya turubai. Kuyachambua na kuyakoboa hupunguza hatari, lakini dawa kubwa ni kutoyanunua.

Unyevu unapimika kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia chumvi kavu kijiko kimoja na mahindi hadi theluthi ya chupa, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi na hayafai kufungwa. Ikianguka chini yote, yamefikia ukavu wa kuyahifadhi. Wauzaji wengine hununa ukitoa chupa sokoni. Muuzaji mwema husema, "Pima tu mama, haya yamekauka," na huyo ndiye wa kurudi kwake mwaka ujao.

## Maharage, choroko, dagaa au karanga?

Hapa ndipo bei ya kilo inapodanganya zaidi.

Maharage hayana mpinzani mezani kwetu. Soya njano, Lyamungu, na mengine ya mistari kila mtu ana lake. Kilo moja ya maharage makavu inalisha nyumba siku tatu. Lakini maharage ambayo hayakulowekwa yanaweza kuchemka saa mbili na zaidi, na mkaa wa msimu wa mvua ni ghali. Halafu maharage yanazeeka: yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, na ukiyapika mwaka wa pili unaweza kumaliza kopo zima la mkaa ukala maharage yanayogonga meno. Nunua ya msimu mpya, ngozi inang'aa, na yamalizike ndani ya mwaka.

Dawa ya moto ni kuloweka usiku kucha, kumwaga maji hayo, kisha kuchemsha kwa nguvu. Usiridhike na moto wa kuvuguvugu: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayohitaji mchemko mkali wa angalau dakika kumi ili iishe. Baada ya mchemko wa nusu saa unaweza kufunika sufuria, kuizungushia blanketi ndani ya kapu, na kuiacha iendelee kulainika bila mkaa. Jioni unamalizia kidogo tu.

Wengi huku hukimbilia magadi ili maharage yalainike haraka. Kwa akiba ya dharura nakuomba usiyategemee. Mikoa hii ya Arusha na Kilimanjaro ina maji mengi yenye floridi, ndiyo maana tunaona meno ya kahawia kwa watoto waliokua pembezoni mwa Mlima Meru, na magadi nayo hubeba floridi yake. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua inabaki imekolea zaidi. Kuweka magadi kila siku kwenye chungu cha watoto ni kuongeza mzigo juu ya mzigo, na pia huua vitamini B1 iliyo kwenye maharage. Kuloweka ni bure.

Choroko kwa kilo mara nyingi zinakaribiana na maharage au kuyazidi. Ila choroko zinaiva ndani ya dakika 30 hadi 45 bila kulowekwa, kwa hiyo ukiingiza mkaa na maji kwenye hesabu, nafuu inahamia upande wake, na mwenye jiko la gesi ya mtungi mdogo atahisi tofauti hiyo haraka. Kasoro yake ni fukusi, ambao wanazipenda kupita kiasi. Choroko zikikaa kwenye mfuko wa kawaida miezi mitatu unaweza kukuta zimebaki maganda yenye matundu. Ziingie kwenye chombo kisichopitisha hewa siku hiyo hiyo uliyonunua.

Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria ni chakula kizito kuliko wanavyoonekana. Karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, wanaliwa na mifupa yao hivyo kalisi ipo, na wanaiva haraka. Gramu 20 kwa mtu zinatosha kuipa ugali heshima. Shida ni masika: dagaa wanafyonza unyevu na kuota ukungu. Waanike tena siku moja ya jua, wachague mchanga, wafunge kwenye ndoo ndogo, na usiweke wa zaidi ya miezi miwili. Samaki wa kukaushwa wa Bwawa la Nyumba ya Mungu nao ni watamu, ila kwa bei yao siwahesabu kama akiba ya mwenye bajeti ndogo.

Karanga hazihitaji moto hata kidogo na zina nguvu nyingi, ila ndizo zinazoshika sumukuvu kwa urahisi kuliko mikunde mingine. Nunua kidogo, chambua punje moja moja, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu. Makopo ya maharage ya dukani nayaruka. Kwa pesa ya makopo matatu unapata kilo nzima ya makavu au zaidi.

Mafuta watu husahau. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga, na kijiko kimoja hugeuza chakula cha shida kuwa chakula. Alizeti ya kukamua ina harufu nzuri lakini huchacha mapema ikiwekwa kwenye mwanga, basi weka dumu gizani, na nunua lita tano zilizofungwa badala ya kupimiwa kwenye chupa ya soda kila siku.

## Mfuko wa tabaka tatu, ndoo, dawa ya vumbi au darini?

Akiba nyingi hapa hazimalizwi na watu. Zinamalizwa na dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima humwita Scania, aliyetokea Amerika ya Kati na kugundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gunia la nailoni la kawaida halimzuii. Ukiwa na gunia la kilo mia na robo yake ikageuka vumbi, bei yako ya Agosti imeshakuwa bei ya Februari.

Mfuko wa tabaka tatu, unaojulikana kwa jina la PICS na majina mengine, una mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia moja. Wadudu waliomo huitumia hewa iliyobaki, ikiisha hufa, hakuna dawa inayohitajika. Kwa mwenye kununua gunia zima hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na mfuko ukitunzwa bila kutoboka hutumika tena msimu unaofuata. Lakini una masharti. Nafaka iwe kavu kweli, kwa sababu mfuko haukaushi. Ukifungia unyevu unafungia ukungu. Jaza ukishindilia, toa hewa, funga kila plastiki peke yake kwa kusokota, kukunja na kukaza kamba. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, kwa sababu panya akitoboa tundu moja kazi yote imeharibika. Na usiufungue kila siku kuchota: kila ukifungua hewa inaingia na wadudu wanapata pumzi. Ndiyo maana mifuko miwili ya kilo 50 ni bora kuliko mmoja wa kilo 100. Mmoja unaliwa, mwingine umelala.

Ndoo na madumu yenye mfuniko wa kukaza yanafaa zaidi kwa mpangaji. Ndoo ya lita 20 hubeba kilo 15 au 16 za mchele, panya hawaiwezi kirahisi, na inakaa chini ya kitanda. Weka karatasi ya nailoni safi chini ya mfuniko ili ikaze. Ndoo iwe iliyotoka na chakula, kama mafuta ya kupikia. Naona watu wengi wakihifadhi unga kwenye ndoo za rangi za ujenzi, na nawasihi waache. Hata ikioshwa mara kumi haikutengenezwa kwa chakula. Kwa bei ya kilo moja, ndoo ni ghali kuliko mfuko, lakini inadumu miaka na haikudai chumba cha ghala.

Dawa ya vumbi ni nafuu kwa mkulima mwenye magunia ishirini stoo ya nje. Kwa familia yenye gunia moja ndani ya nyumba siipendekezi, na kama ni lazima, inunuliwe duka la pembejeo lenye leseni, kipimo kisizidi kilichoandikwa, na siku za kusubiri ziheshimiwe. Kuhusu vidonge vya kufukizia nasema kwa uzito wote: visiingie kabisa kwenye nyumba wanamolala watu. Gesi yake, fosfini, inaua wadudu na inaua watu.

Bibi zetu Uchagani waliweka mahindi darini juu ya moto, na moshi ulifanya kazi ya kukausha na kufukuza wadudu. Njia hiyo bado inafaa kwenye jiko la kuni linalowaka kila siku. Nyumba ikishahamia kwenye gesi, dari hiyo inabaki na joto bila moshi, na inawafaa wadudu kuliko wenye nyumba.

## Kununua: gunia, sado au kikundi

Sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, ni rahisi kwa mfuko wa siku, lakini kila sado ina tumbo lake, nyingine zimebonyezwa kitako. Omba mizani. Kwenye gunia nako kuna lumbesa: linaonekana limejaa na uzito wake haujulikani, kwa hiyo bei ya "gunia" haina maana mpaka ujue kilo. Debe sita ndilo gunia kwa mazoea, ila debe la mahindi mazito na la mahindi mepesi hayapimi sawa.

Asiyeweza kutoa pesa ya gunia kwa mkupuo ana njia mbili. Moja ni kuongeza kilo mbili juu ya manunuzi ya kila wiki kuanzia Julai. Kufikia Desemba ana zaidi ya kilo 40 bila kuhisi. Ya pili, ambayo naiamini zaidi, ni kikoba. Watu watano wakichanga pamoja wanaweza kwenda Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, wakachukua magunia mawili kwa bei ya jumla na kugawana kwa mizani palepale. Nauli inagawanywa, na jicho la kuchagua mahindi mazuri linakuwa la watu watano.

## Chakula kisichohitaji moto

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh. Waliokimbia hawakuondoka na magunia. Akiba ya kukaa nyumbani haisaidii siku ya kuihama nyumba, kwa hiyo tenga mfuko mmoja wa mgongoni: karanga za kukaanga, tende, biskuti, maziwa ya unga, sukari, chumvi, na maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu kwa siku ya kwanza. Gharama yake ni ndogo. Wanaokaa kwenye mabonde na kingo za mito waanze na huu kabla ya gunia lolote.

## Ningechagua nini

Familia yenye nyumba yake Pasua, Majengo au Ngaramtoni, yenye chumba kikavu cha kuweka chaga: mifuko miwili ya tabaka tatu, kilo 50 za mahindi kila mmoja, inunuliwe Agosti au Septemba. Juu yake ndoo moja ya mchele, kilo 10 za sembe zinazozunguka kila mwezi, kilo 10 za maharage mapya, ulezi kilo tano. Mahindi yanazidi kilo 60 kwa makusudi, kwa sababu kuna kukoboa, kuna kuku, na kuna ndugu watakaobisha hodi.

Mwenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, huko mlimani Kibosho au Marangu, ana ghala lililo hai: ndizi, magimbi na mboga haziishi kwa siku moja. Huyo asikimbilie gunia. Apunguze nafaka hadi nusu, aweke nguvu kwenye maharage, dagaa, mafuta na chumvi, vitu ambavyo mgomba hautoi.

Mpangaji wa chumba kimoja Kaloleni au Unga Limited, mwenye jiko la gesi na mshahara unaokata mapema: asinunue mahindi. Ndoo mbili za mchele zijazwe kidogo kidogo, ndoo ndogo ya choroko, sembe kilo tano, dagaa, lita tatu za mafuta. Kwenye karatasi ni ghali kuliko gunia. Kwenye sahani, ukiondoa mashine, mkaa wa saa tatu, panya na chumba ambacho hana, si ghali tena. Ndoo ya kwanza akiifungua kula, ya pili inabaki imefungwa mpaka ya kwanza ijazwe upya, na tarehe ya kununua iandikwe kwa kalamu nene juu ya kila mfuniko.